Jibu: Mtu wa sivili anayependa programu, aache kipi?

Mkuu, umeuliza kama mhandisi wa sivili (wa majengo, barabara na madaraja) anayependa kuandika programu anaweza kufika uprofesa bila kuacha kimoja. Anaweza. Mcheki Steven Fenves: mtu wa sivili kabisa, na miaka ya 1960 akiwa chuo cha MIT, Marekani, alishiriki kutengeneza STRESS, programu ya kukokotoa nguvu ndani ya fremu za majengo. Mhandisi alitaja viungo, nguzo na mizigo kwa lugha ya kazini kwake, hesabu ikabaki kwa mashine. Baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, hukohuko Marekani, miaka mingi.

Kwa hapa Dar mada za utafiti za kuunganisha sivili na programu haziko mbali. Mvua ikikolea, Jangwani hapapitiki. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za jiji, kuanzia 2015 iliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kuchora mitaro na nyumba za mabondeni. Ramani iko wazi OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, pakua uanze kuichezea.

Kinachosumbua, nionavyo, ni kupanda vyeo chuoni. Kutoka Mhadhiri kwenda Mhadhiri Mwandamizi machapisho ndiyo yanakubeba, na watu wa sivili watakuona wa kompyuta, wa kompyuta wakuone fundi zege (usicheke). Chagua idara moja ikulee, ya pili ingia kwa ushirikiano. Na usajili wa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, usiuweke kiporo ukisubiri PhD.