Waya wa shaba uliopakwa fedha: utazame nini kabla ya kulipa

Ukiingia Kariakoo kutafuta waya wa spika ukaoneshwa ule mweupe unaometameta, usikimbilie kuuliza kama una fedha. Weupe huo unaweza kuwa fedha, unaweza kuwa bati, na unaweza kuwa aluminiamu tupu. Omba kipande, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Chini ya fedha au bati inatokea shaba nyekundu, na ukizidi kukwangua inabaki nyekundu. Hata waya mwekundu ukwangue vilevile: ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyovikwa shaba. Ukinzani wake, yaani unavyozuia umeme kupita, ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi, haishiki lehemu vizuri, na ukiibana kwenye skurubu hulegea baada ya muda. Robota lake jepesi ajabu, mkono wenyewe utakuambia.

Sasa fedha. Ni kweli inapitisha umeme kuliko shaba, ila kwa asilimia 5 au 6 tu. Chukua uzi wa milimita 0.2 uliopakwa fedha ya mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita): fedha ni asilimia 2 ya uzi mzima, kwa hiyo faida yote haifiki hata asilimia 0.2. Waya wako wa mita 10 ukiupunguza sentimita 10 umepata zaidi ya hapo, tena bure. Wapo watakaokuambia sauti nyembamba husafiri juu ya ngozi ya waya. Kwenye kilohezi 20, ukomo wa sikio, umeme bado unazama karibu nusu milimita, kwa hiyo uzi wa 0.2 unapita umeme wote hadi katikati. Maneno hayo yapelekwe kwa watu wa antena, wenye masafa ya juu zaidi.

Fedha iliwekwa kwa sababu ya kiwandani. Waya huu mara nyingi huvikwa ganda la Teflon, plastiki inayovumilia joto, na ganda hilo hutengenezwa kwa joto linalozidi nyuzi 300 za sentigredi, na bati huyeyuka kwenye 232. Fedha inavumilia. Kwa hiyo unachonunua hasa ni ganda gumu lisilonyauka unapolehemu, na hilo ni jema ukitengeneza nyaya fupi ndani ya amplifaya.

Tatizo ni hewa yetu ya pwani ya Dar es Salaam. Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, unyevu na chumvi haviondoki. Fedha ikichubuka mahali padogo tu, shaba iliyo chini huanza kuliwa pale pale, na kutu hutambaa ndani ya ganda usikoiona. Wa kulaumiwa mara nyingi ni kisu cha kumenyea. Teflon inateleza, mtu anakandamiza, kisu kinafika kwenye nyuzi. Zungusha kisu taratibu bila kukata mpaka mwisho, kisha pinda ganda likatike lenyewe. Ukiona uzi umekwaruzwa, kata uanze upya. Lehemu papo hapo, ziba mwanzo wa ganda kwa mpira unaonywea kwa moto. Teflon usiichome kwa kiberiti. Moshi wake ni sumu.

Kwa spika, pesa iende kwenye unene. Lengo: ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ule wa spika. Spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani) inaruhusu omu 0.2: shaba ya milimita za mraba 1.5 inakufikisha mita 8 hivi, ya 2.5 mita 14. Spika ya omu 8, zidisha umbali huo mara mbili. Hiyo ni shaba ya kawaida, bila fedha.

Nyaya za RCA, zile za kupeleka sauti kutoka redio au televisheni hadi amplifaya, hazijali hata unene huo, kwa kuwa amplifaya inapokea kwa ukinzani wa omu elfu kumi na kuendelea, na ule wa waya mbele yake si kitu. Pale kinachosumbua ni mvumo. Angalia wavu wa shaba unaozunguka waya wa kati: ukiwa na nyuzi chache zilizosokotwa upande mmoja, urudishe dukani. Mvumo ukibaki hata kwa waya mzuri, chomeka redio, televisheni na amplifaya kwenye ekstensheni moja, kisha chomoa waya wa antena au wa dishi usikilize tena.