Kuhudhuria Warsha ya Trieste Ukiwa Dodoma

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya fizikia. Nimeona tangazo la warsha katika ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichopo Trieste, Italia. Nia ninayo, nauli sina. Nimeelezwa kuwa mihadhara itarushwa mubashara mtandaoni. Je, kutazama huko kunahesabika kuwa ni kushiriki, na nijiandae vipi ili bando lisikatike njiani nikabaki mikono mitupu?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujaikatia tamaa safari yenyewe, hakikisha kwanza kwamba umeomba. Kituo hicho, ambacho mwanafizikia wa Pakistani Abdus Salam alikianzisha mwaka 1964 akiwalenga hasa wanasayansi wa nchi zinazoendelea, kwa kawaida hakitozi ada ya ushiriki, na hutenga fedha za kuwagharimia baadhi ya waombaji kutoka nchi kama yetu. Maombi hufungwa mapema, kwa hiyo anayesubiri apate nauli ndipo ajaze fomu huwa ameshachelewa.

Ukikosa ufadhili, waulize waandaaji kwa barua pepe kama washiriki wa mbali wataingia kwa Zoom au watatazama matangazo tu. Kwa Zoom unasikika na kuuliza, na kiungo hutumwa kwa waliojiandikisha, ambao ndio wanaoweza kuhesabiwa kuwa washiriki na kuomba cheti. Matangazo ya wazi ni ya upande mmoja. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, na kifaa chako hukusanya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha, hivyo unachokiona kimeshapita ukumbini kwa sekunde kumi, ishirini au zaidi. Swali utakaloanza kuliandika mhadhiri anapouliza kama kuna swali litafika akiwa ameshafuta ubao. Liandike jioni, kwa utulivu, ukitaja mhadhara na mlinganyo unaokusumbua, kisha ulitume kwa barua pepe.

Kuhusu bando, hesabu yake ni rahisi: matangazo yanayosafiri kwa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, yaani gigabaiti 2.7 kwa siku yenye mihadhara ya saa sita. Wengi hushusha ubora wa picha hadi chini kabisa, na hapo ndipo wanapoumia. Mhadhiri anapotumia ubao na chaki, kwenye picha hafifu herufi ndogo i na j zilizo chini ya alama hazitofautiani, na alama ya kutoa hupotea kabisa. Unanakili mlinganyo wenye kasoro na kuhangaika nao usiku kucha. Ni heri upunguze idadi ya mihadhara, lakini ile ya ubaoni uitazame kwa picha safi. Ile ya slaidi, pakua slaidi zake kwanza zikitolewa, kisha shusha ubora wa picha, kwa kuwa unachohitaji hapo ni sauti.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni mazoezi. Walioko Trieste hubanana ubaoni baada ya mihadhara wakibishana, na kwa maoni yangu hapo ndipo sehemu kubwa ya kujifunza hufanyika. Kamera haikuletei hilo, lakini unaweza kulitengeneza hapo ulipo: tafuta wenzako wawili au watatu idarani, ombeni chumba chenye projekta na ubao, tumieni intaneti moja, na mhadhara ukiisha fanyeni zoezi lake siku hiyo hiyo. Mwombe msimamizi wako ruhusa ya maandishi kwa siku zote za warsha. Aliyesafiri hakuna anayemwita kusimamia mtihani. Wewe uliyebaki utaitwa, tena katikati ya mhadhara.

Fuatilia pia matangazo ya EAIFR, taasisi shirika ya ICTP iliyo katika Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali. Mtanzania huingia Rwanda bila viza, na basi linafika.

SWALI: Saa za Trieste zinatofautianaje na zetu, na mtandao ukikatika nifanye nini?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba sisi tuko mbele kwa saa moja: mhadhara wa saa 3:00 asubuhi kule huanza saa 4:00 asubuhi kwetu. Miezi mingine tofauti ni saa mbili, na mhadhara huo huo huanza saa 5:00. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani, na siku kama hiyo hata kifurushi kikubwa hakisaidii. Waulize waandaaji mapema kama mihadhara itarekodiwa na rekodi zitawekwa wapi, ili mtandao ukirejea upakue ile uliyoikosa kabla ya kutazama inayofuata.