Rafiki zake wananitania, naye anacheka tu

Mdogo wangu, unasema kijana Mzungu mnayesoma naye chuo huko Marekani anakupenda, lakini rafiki zake wakitania kwamba wasichana weusi ni wakali na wana makelele, yeye hucheka. Unauliza kama unakuza mambo. Hukuzi. Kicheko chake kinanisumbua kuliko maneno yao.

Mwambie mkiwa wawili, siku ambayo hamjagombana, kwamba wakirudia unataka aseme kitu. Kisha nyamaza umsikilize. Akitahayari, mpe muda. Akijibu, "Lakini wewe si kama wale wengine," usiichukue kuwa sifa: amekutoa wewe kundini ili dhana yake ibaki pale pale. Nawe jiulize (usinikasirikie) kama ulimpenda yeye au ule Uzungu wake.

Kuhusu bibi yake anayekutazama kwa jicho la pembeni, kumbuka hadi mwaka 1967, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta marufuku hiyo katika kesi ya Loving dhidi ya Virginia, majimbo 16 bado yalikataza ndoa kati ya Wazungu na watu weusi. Msalimie kwa heshima, basi. Kumbadilisha ni kazi ya mjukuu wake, si yako.