Panga Kushuka Kabla ya Kupanda

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Mimi, mke wangu na wanetu wawili tunakwenda kupumzika milimani kwa gari letu dogo la gia za mkono. Ni kilomita 900, na tutafikia mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Shemeji anashauri tuondoke saa mbili usiku ili asubuhi tuwe tumefika. Nimsikilize?
Baba wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shemeji anawatakia mema, lakini kwa hili usimfuate. Saa nane hadi saa kumi usiku mwili hudai usingizi kwa nguvu, na kona za mlima zitakukuta umeshachoka. Igawe safari siku mbili. Siku ya kwanza maliza tambarare, ukipumzika robo saa kila baada ya saa mbili, mlale chini ya mlima. Kesho yake mpande asubuhi. Kuanzia mita 2,500 hivi, mtu aliyepanda haraka anaweza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Mtoto akianza hivyo, msizidi kupanda. Hali ikiwa mbaya, shukeni.

Kupanda kwenyewe hakunitishi. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000, maana hewa ni nyepesi. Gari likilegea, rudisha gia mapema, basi.

Ninachokuombea ni kushuka salama. Nimeendesha malori miaka 19. Mwaka wa tatu niliteremka mlima mrefu na gia ya nne, mguu juu ya breki muda wote. Ikaja harufu, kama kitambaa kinachoungua. Nikaipuuza. Kona mbili mbele, kanyagio likazama hadi sakafuni, laini kama nakanyaga sifongo. Nilirudisha gia moja baada ya nyingine, injini ikilia, hadi nikapata pa kuegemea ukingoni. Utingo wangu alishuka, akaketi chini, hakusema neno.

Oili ya breki ilikuwa ya zamani. Oili hiyo hunyonya unyevu wa hewani. Oili mpya ya breki ya daraja la DOT 4 haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, yaweza kuchemka kwenye 155 tu. Ikichemka hufanya mapovu, mapovu hubonyea, na nguvu ya mguu wako haifiki magurudumuni.

Kwa hiyo wiki moja kabla, si jana yake, mwone fundi. Oili ikiwa imetimiza miaka miwili, aimwage aweke mpya, akague na pedi za breki. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kwa kipimo cha gari lililojaa mzigo, na tairi la akiba lisisahauliwe.

Mteremkoni, ingia gia ya pili au ya tatu kabla hujaanza kushuka, uiache injini ikushike. Spidi ikizidi, kanyaga breki imara mpaka ipungue, kisha achia kabisa zipate kupoa. Nyutro, yaani gari bila gia, usiiguse, hata ukiambiwa inaokoa mafuta. Ukisikia ile harufu, simama mahali salama nusu saa, wala usimwagie magurudumu maji. Na mweleze mkeo harufu yenyewe ilivyo, maana wewe utakuwa umeshughulika na kona, na huenda yeye akaisikia kabla yako.