Prednisoloni na pingili iliyobonyea

SWALI: Mama yangu ana miaka 58. Tangu mwezi wa pili anameza prednisoloni ya miligramu 5, vidonge viwili kila asubuhi, kwa ajili ya baridi yabisi. Juzi aliinua ndoo ya maji, mgongo ukalia "kta". Picha ikaonyesha pingili moja imebonyea. Maziwa hayakosekani nyumbani. Je, aziache hizo dawa?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Asiziache ghafla. Baada ya miezi yote hiyo, tezi zilizo juu ya figo zimezoea kukaa bila kazi. Akikatisha leo, presha inaweza kushuka, akatapika, hata kuzimia. Daktari ndiye atakayepunguza dozi kidogo kidogo huku akimwekea dawa nyingine ya baridi yabisi.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Prednisoloni huua seli zinazojenga, na mwanzoni huzirefushia maisha zile zinazobomoa. Tena utumbo hufyonza kalsiamu kidogo, na figo huimwaga kwenye mkojo. Ndiyo maana maziwa pekee hayakufua dafu. Hasara kubwa hutokea miezi 3 hadi 6 ya kwanza, na pingili hutangulia kwa kuwa ndani yake mfupa una matundu kama sifongo. Kinga ya mifupa ilitakiwa ianze pamoja na vidonge.

Kwa kuwa pingili imeshavunjika, ulizeni kuhusu alendronati, dawa ya kuzuia mfupa usibomolewe, ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki, figo zikipimwa kwanza. Hapa wengi huharibu: wanaimeza na chai ya maziwa. Kalsiamu ya maziwa huishika dawa, ikapita bure. Imezwe alfajiri, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Kisha mama akae wima au atembee nusu saa bila kula. Akijilaza, kidonge kinaweza kuunguza njia ya chakula.

Kalsiamu alenge miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao huongeza. Vitamini D, yuniti 600 hadi 800.

Na kama mama huongezea vidonge vya maungo vya mnadani, vile vya kwenye kikaratasi kisicho na jina, apelekewe daktari avione. Ndani mnaweza kuwa na deksamethasoni, dawa ya jamii moja na prednisoloni ila kali zaidi, na miligramu 1.5 tu ya hiyo ni sawa na miligramu 10 za prednisoloni.