Namna ya kujua miaka ya picha za kikapu zisizo na tarehe

Ndugu yangu wa Mtwara, umeuliza namna ya kupanga kwa miaka picha na karatasi za matokeo za mashindano ya kikapu ya nchi jirani, yaliyokwisha kufa. Zinaweza kupangwa hata bila tarehe. Anza na karatasi: vipindi 2 vya dakika 20 ni kanuni za kabla ya 2000, robo 4 za dakika 10 ni za baadaye. Kisha tazama sakafu. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, walileta mstari wa pointi tatu 1984, mita 6.25, mwaka 2010 ukasogezwa hadi 6.75, na eneo la chini ya goli, lililotanuka kuelekea mstari wa mwisho, likawa mstatili. Ila tahadhari: viwanja vingi huchelewa kupakwa rangi upya, hivyo mstari wa zamani peke yake si ushahidi. Picha zilizogandana kwa unyevunyevu usizibandue kwa nguvu, rangi itang'oka. Zipeleke kwa mtunza nyaraka.