Maswali na majibu: Ushindi wa Green kule Mid Suffolk

Nilipoitaja Mid Suffolk katika safu hii sikutegemea kwamba ingewagusa watu wa Tanga na Muscat, lakini maswali yamemiminika. Mengine nimeyaunganisha, maana yaliuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti.

Kwa aliyechelewa: Mid Suffolk ni wilaya ya mashamba mashariki mwa England, ndani ya kaunti ya Suffolk. Miji yake ni midogo: Stowmarket, Needham Market, Eye. Sensa ya 2021 ilikuta watu wapatao 102,700. Tarehe 4 Mei 2023 walichagua madiwani 34, na matokeo kwa vyama yakawa hivi: Green (chama cha mazingira) 24, Conservative (chama tawala cha nchi wakati ule) 6, Liberal Democrats 4. Labour, wapinzani wakuu wa kitaifa wakati ule, hawakuambulia hata kiti kimoja. Ilikuwa mara ya kwanza nchini humo kwa Green kushika halmashauri wakiwa na wingi wa viti peke yao, bila kubebana na chama kingine.

Shikamoo mzee. Wilaya ya wakulima, ngome ya Conservative, imeangukaje mikononi mwa watu wa mazingira? (Tanga)

Marahaba. Haikuanguka usiku mmoja. Tazama uchaguzi uliotangulia, wa 2019: Conservative viti 16, Green 12, Liberal Democrats 5, mgombea binafsi 1. Ili uwe na wingi unahitaji 18, kwa hiyo hata wakati ule ngome ilikuwa na ufa, na aliyesimama mbele ya ufa huo alikuwa Green.

Sasa piga hesabu. Watu laki moja na ushei, madiwani 34: kila diwani ana watu kama elfu tatu, pamoja na watoto wachanga. Katika chaguzi za halmashauri za England mara nyingi hujitokeza kama theluthi ya wapiga kura. Ukishatoa wasio na umri na wasiojitokeza, kata inachukuliwa kwa kura mia kadhaa. Hizo ni kura za watu unaoweza kuwafahamu kwa sura. Mtu aliyepiga hodi milango ile ile mwaka baada ya mwaka, akafuatilia mtaro ulioziba na basi la kijiji lililofutwa, hana haja ya kuwahutubia juu ya hali ya hewa ya dunia. Ndivyo Green wanavyofanya kazi: wanachagua kata moja, wanaihudumia mpaka wanaipata, kisha wanahamia kata ya jirani. Vipeperushi vyao vinakuja hata mwaka usio na uchaguzi, jambo ambalo vyama vikubwa vimeliona ni kupoteza karatasi.

Hasira ya kitaifa nayo ilikuwepo. Siku hiyo hiyo Conservative, chama cha Waziri Mkuu wa wakati ule, Rishi Sunak, kilipoteza viti zaidi ya elfu moja kote England. Wachambuzi wengi waliishia hapo: watu wamechoka, basi. Lakini hasira peke yake inajibu nani ameangushwa, haijibu nani ameokotwa. Siku hiyo Labour walizoa viti zaidi ya 500 nchini, na Mid Suffolk wakatoka mikono mitupu. Mpiga kura wa Conservative aliyenuna kijijini hakuvuka kwenda kwa mtu asiyemjua. Alikwenda kwa yule aliyezoea kumwona mlangoni.

Mkuu wa wilaya wao naye ni wa Green? Anateuliwa na nani? (Tabora)

Hayupo. Neno letu “wilaya” linatupoteza hapa. Msomaji wa Tanzania akilisikia anamwona DC, gari lenye bendera, na kamati ya ulinzi na usalama. Wilaya ya England haina mtu wa namna hiyo. Madiwani wanamchagua kiongozi wa halmashauri miongoni mwao (2023 akawa Andy Mellen), na mtendaji mkuu ni mwajiriwa wa halmashauri yenyewe, hateuliwi na Waziri Mkuu. Mfalme anaye mwakilishi wake katika kila kaunti, lakini huyo utamkuta kwenye nishani na sherehe.

Basi wameshinda nini hasa? Wana nguvu gani? (Nairobi, Dodoma, na mwingine hakutaja alipo)

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake litawavunja moyo baadhi yenu.

Suffolk ina ngazi mbili kubwa za serikali za mitaa. Juu kuna halmashauri ya kaunti: shule, barabara, maktaba, matunzo ya wazee na ya watoto walio hatarini. Chini yake ndiyo wilaya: kuzoa taka, vibali vya ujenzi, nyumba za halmashauri, watu wasio na makazi, mabwawa ya kuogelea, usafi wa migahawa. Chini zaidi yapo mabaraza ya vijiji, yenye bustani na ukumbi wa mikutano. Kwa hiyo mtu akija juu kwa diwani wa wilaya kwa sababu ya shimo la barabarani, amegonga mlango usio wake. Anagonga hata hivyo, na diwani mwenye akili hamfukuzi. Anaandika barua kaunti, halafu anarudi kumweleza walichojibu.

Pesa ndiyo kichekesho chenyewe. Wilaya ndiyo inayotuma bili ya kodi ya nyumba kwa kila kaya, kwa hiyo ndiyo inayotukanwa. Lakini sehemu kubwa ya kodi hiyo inakwenda kaunti, nyingine polisi, nyingine baraza la kijiji. Katika wilaya za namna hii kinachobaki ni kama moja ya kumi, wakati mwingine pungufu. Na hawawezi kuipandisha watakavyo. Kwa mwaka wa fedha 2023/24 serikali kuu ilizifungia wilaya chini ya asilimia 3, au pauni 5 kwa nyumba ya daraja la kati, kutegemea ipi kubwa. Ukitaka zaidi ya hapo, unaitisha kura ya maoni, na sijui diwani gani atakwenda mlangoni kuomba kura ya kuongezewa kodi. Kodi yenyewe inakadiriwa kwa thamani ya nyumba ya mwaka 1991. Ndiyo, 1991, hakuna serikali iliyothubutu kuigusa.

Penye nguvu halisi ni kwenye vibali vya ujenzi, na ndiko ugomvi ulipo. Nani ajenge nyumba mia mbili kwenye shamba la shayiri, wapi, na shule iko wapi? Lakini hata hapo kuna dari. Chukua njia ya umeme kutoka Norwich hadi Tilbury, ambayo kampuni ya gridi ya taifa inataka kuipitisha juu ya nguzo ndefu za chuma, zikikata mashamba ya Mid Suffolk. Mradi mkubwa namna hiyo hauamuliwi na wilaya. Unaamuliwa na waziri London. Madiwani wanaweza kutoa maoni, kama wewe na mimi.

Na hapo Green walijikuta kwenye kona ngumu. Nguzo hizo ni za kubeba umeme, ukiwemo ule wa upepo wa baharini, ambao chama chao kinaudai kila siku. Wapiga kura wao hawazitaki, wanasema nyaya zipite chini ya bahari. Adrian Ramsay, aliyekuwa mmoja wa viongozi wawili wa chama, alishinda ubunge wa Waveney Valley Julai 2024, jimbo linalochukua sehemu ya wilaya hii, na mara moja akabanwa kwa swali hilo hilo. Sioni kama alilijibu vizuri. Sioni pia kama lina jibu zuri kwa mtu aliyeombwa kura na pande zote mbili. Mradi wenyewe, mwanzoni, ulipewa jina lenye neno “Green” ndani yake. Nadhani aliyelibuni alijuta.

Nani anahesabu kura? Mkurugenzi wa halmashauri? (Mwanza)

Umenitega, na nimeingia mwenyewe. Ndiyo: msimamizi wa uchaguzi kwa kawaida ni mtendaji mkuu wa halmashauri ile ile. Tanzania mjadala wa wakurugenzi kusimamia uchaguzi ulifika mpaka Mahakama ya Rufani mwaka 2019, kwa hiyo najua swali lako limetoka wapi. Tofauti ni kwamba huyu wa England hakuteuliwa na kiongozi wa chama chochote, na akiwa kazini siku hiyo anawajibika yeye binafsi kwa sheria. Madiwani hawana amri juu yake. Kama wasimamizi wangekuwa wanateuliwa na Waziri Mkuu, sidhani kama Waingereza wangelala.

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, na wilaya nyingi za mashamba huhesabu kesho yake mchana. Kura ni za karatasi, zinahesabiwa kwa mkono. Kwanza wanahakikisha idadi ya karatasi inalingana na zilizotolewa kituoni, ndipo wanazipanga kwa wagombea. Mawakala wanasimama mbele ya meza, wanatazama, hawagusi. Karatasi yenye utata inaonyeshwa kwa wote: kama nia ya mpiga kura iko wazi, inahesabiwa. Wao huweka alama ya msalaba; ukizoea vema ya nyumbani, kura yako haitaharibika kwa hilo. Andika jina lako juu yake, imeharibika.

Jambo moja huwachanganya wageni: kata nyingine zina madiwani wawili au watatu. Hapo mpiga kura ana kura mbili au tatu, na anaweza kuzigawa kwa vyama tofauti. Kwa hiyo ukijumlisha kura za wilaya nzima, unaweza kupata nyingi kuliko watu waliopiga. Sio wizi.

Wagombea wakilingana kura, wanarudia uchaguzi? (Kigoma)

Hawarudii. Wanahesabu tena, na zikilingana tena, sheria inasema bahati nasibu. Mwaka 2017 huko Northumberland, kata ya South Blyth, mgombea wa Conservative na wa Liberal Democrats walifungana, wakavuta vijiti. Kijiti kirefu kikaenda kwa Liberal Democrats. Conservative wakabaki na viti 33 kati ya 67, kimoja tu pungufu ya wingi. Halmashauri nzima, kijiti.

Bila chama chenye wingi inakuwaje? (Kampala)

Wanazungumza. Siku ile ile ya Mei 2023, East Hertfordshire ilitoa Green 19, Conservative 16, Liberal Democrats 10, Labour 5. Green na Liberal Democrats wakashikana mikono. Wengine huongoza bila wingi, kila bajeti ikawa ni kubembelezana.

Naishi Leicester, nina pasipoti ya Kenya. Naruhusiwa kupiga kura? Na jirani yangu Mkongo je? (Leicester)

Dada, wewe ndiyo, ikiwa una kibali halali cha kuishi nchini na umefikisha miaka 18. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanapiga kura za madiwani na hata za wabunge. Hapo wamo Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda, maana Rwanda ilijiunga 2009. Kongo na Burundi hazimo, kwa hiyo jirani yako atasubiri mpaka apate uraia wa Uingereza. Wapo Waswahili wengi waliokaa miaka kumi hapo bila kulijua hili, na linaniuma.

Lakini lazima ujiandikishe kwanza, siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Na beba kitambulisho chenye picha. Sharti hilo lilianza England hapo Mei 2023, na Tume ya Uchaguzi ilikadiria watu wapatao 14,000 walirudishwa mlangoni wasirejee tena. Pasipoti yako ya Kenya inakubalika, hata kama muda wake umeisha, alimradi sura bado ni yako. Asiye na kitambulisho chochote anaweza kuomba cheti cha mpiga kura, bure.

Kuchukua fomu ya udiwani ni shilingi ngapi? (Arusha)

Bure. Hakuna dhamana, ile ya pauni 500 ni ya ubunge. Unahitaji wakazi wawili wa kata yako: mmoja akupendekeze, mmoja aunge mkono. Ukishinda unapata posho, si mshahara, na wengi hawaachi kazi zao.

Nasikia wilaya hizo zitafutwa. Kweli? (Muscat)

Desemba 2024 serikali ya Labour ilitangaza mpango wa kuondoa ngazi mbili na kuweka halmashauri moja kubwa kila eneo. Suffolk iliwekwa kundi la mwanzo, hata uchaguzi wa kaunti uliokuwa ufanyike Mei 2025 ukaahirishwa. Mid Suffolk inachagua madiwani wote kwa mpigo kila baada ya miaka minne, na kwa ratiba ya kawaida zamu iliyofuata 2023 ilikuwa 2027. Mpango ukitimia, Green watakuwa wameshinda nyumba iliyokwisha kupigwa alama ya X ukutani. Watetezi wanasema itaokoa pesa. Mimi nawaza zile kata za watu elfu tatu: halmashauri ikiwa kubwa, kata nayo inakuwa kubwa, na milango inazidi miguu ya mtu mmoja.

Nimeona picha za mbwa nje ya vituo vya kura. Wanafanya nini? (Zanzibar)

Wanasubiri wanaowafuga watoke. Mbwa wa kuongoza wasioona anaingia. Wengine hutegemea huruma ya msimamizi wa kituo. Ni mila ya pale, kumpitisha mbwa matembezini na kupiga kura kwa safari moja. Hawapewi karatasi.